Gari Lisilougua Mbele ya Tabibu



Wiki hii tunaomba radhi kwa kuiahirisha mada ya malezi tuliyoiahidi. Lipo jambo la nyumbani kwetu ambalo akina mama kadhaa wametuomba tuliandike, kwa kuwa na wao yamewafika yanayofanana nalo.

Tulikuwa tunarejea kisiwani kutoka hitma ya jamaa zetu Ukunda, watoto watatu wamelala kiti cha nyuma. Tulipanda kivuko cha Likoni salama, tukazima injini kama ilivyo ada. Kilipotia nanga ng'ambo na magari ya mbele yakaanza kutoka, letu lilikataa kuwaka. Taa zote za dashibodi zilimulika kwa pamoja, zikafifia, zikamulika tena, na kutoka ndani kukasikika mlio kama wa mtu anayegonga meno kwa baridi. Honi za nyuma zikatuandama. Vijana wa watu, Mwenyezi Mungu awalipe kheri, walitusukuma mpaka juu ya mlima. Mkazi wa Mombasa hahitaji kuelezwa kwa nini mama mwenye watoto garini hutetemeka linapomfikia jambo hili kivukoni. Yale ya Septemba 2019 hayajatutoka machoni.

Baada ya dakika kumi gari liliwaka kwa mguso mmoja, kama halikuwa na neno.

Asubuhi yake tulilipeleka kwenye gereji ya kampuni iliyotuuzia. Lilikuwa halijatimiza mwaka, na waranti yake ni ya miaka mitatu au kilomita 100,000. Kijana wa mapokezi akachomeka mashine ya kusomea hitilafu, akatazama kioo chake kwa muda, kisha akatuambia kwa adabu, "Mamangu, gari hili ni zima kuliko mimi." Tukacheka, tukarudi nyumbani.

Katika miezi miwili iliyofuata lilitufanyia hivyo mara tatu nyingine. Mara moja lilizimika mbele ya lango la skuli. Mara nyingine halikuwaka alfajiri, wakati mzee wetu anataka kupelekwa hospitali. Mara ya tatu ndiyo iliyotutia hofu ya kweli, kwani lilizimika likiwa mwendoni juu ya daraja la Nyali, usukani ukawa mzito kama jiwe, na lori likatupita kwa kadiri ya kiganja. Kila tulipokwenda gereji, lilikuwa zima. Karatasi ya kazi iliandikwa maneno yale yale: mteja amelalamika, hitilafu haikuonekana. Ziara ya tatu tuliulizwa kama tuna hakika kwamba tunakanyaga breki sawasawa tunapowasha. Tumekuwa tukiendesha gari tangu kijana huyo hajaanza chuoni, lakini tulinyamaza, na kunyamaza kule tunakujutia mpaka leo.

Hapo ndipo shemeji yetu mmoja, ambaye dini yake hatuitilii shaka, alipotoa shauri. "Siku likiwa zima, lipelekeni Malindi mkaliuze. Mtu ataliendesha, ataliona jema, atalichukua. Kwani mafundi wenyewe si wamesema halina kitu?" Tusijifanye watakatifu: shauri lile lilituingia, na usiku ule tulipiga hesabu ya bei. Mama mkwe, aliyekuwa akishona kofia pembeni, ndiye aliyeuliza, "Na huyo wa Malindi hana watoto?"

Neno aibu, ambalo sisi Waswahili tumelifanya kuwa haya na fedheha, asili yake kwa Waarabu ni kasoro. Wanavyuoni wa fiqhi wanapotaja khiyari ya aibu, wanakusudia haki ya mnunuzi kukirudisha kitu alichokikuta na ila iliyokuwamo kabla hajakabidhiwa. Wengi wetu tunakijua kisa alichokipokea Imamu Muslim, cha Mtume wetu (S.A.W.) alipopita sokoni kwenye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vikakuta majimaji. Mwenye mali akasema ni mvua. Mtume akamuuliza mbona asiiweke juu ile iliyorowa, watu waione, kisha akajitenga na kila mwenye kughushi. Gari letu lilikuwa ni rundo lile lile. Juu kukavu, na sisi tunajua kilichomo ndani.

Lakini fiqhi hiyo hiyo inampa mnunuzi naye wajibu wake. Katika madhehebu ya Imamu Shafi, tunayoyafuata wengi wetu pwani hii, haki ya kurudisha kwa ajili ya ila ni ya papo hapo. Aliyeijua ila akanyamaza bila udhuru, au akaendelea kukitumia kitu kama kwamba hana habari, haki hiyo humponyoka. Kila mwenye kesi yake na amuulize sheikh wake. Sisi tulichojifunza ni kuwa subira yetu ya kwenda na kurudi bila kuandika lolote haikuwa subira, ilikuwa ni uzembe uliovishwa kanzu.

Basi tukaanza kuuliza namna ugonjwa wa aina hii unavyojificha. Gari la leo lina kompyuta ndogo nyingi, moja ya injini, moja ya breki, moja ya milango na taa, na kadhalika, nazo huzungumza kwa kupitia jozi ya nyaya kwa utaratibu uliotangazwa na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1986. Mojawapo ikikosa kumsikia mwenzake huandika malalamiko katika kumbukumbu, na mashine ya fundi huyasoma malalamiko hayo. Kosa la wengi, wakiwamo mafundi, ni kuyachukua malalamiko kuwa ni hukumu. Kompyuta ya breki ikilalamika kuwa haikupata habari kutoka kwa injini, huenda zote mbili ni nzima na kilichoharibika ni waya tu. Na ila ikidumu kwa sekunde chache, huenda isiandikwe kabisa.

Kisha kuna hewa yetu ya bahari. Umeme hutoka katika betri na ni lazima urudi, na njia ya kurudia ni bodi la gari lenyewe, kwa kupitia waya mnene ambao mafundi huuita ethi. Mahali waya huo unapofungwa kwa bolti, chumvi na umande hufanya kutu, na shaba hugeuka rangi ya kijani. Jioni penye unyevu mguso huwa dhaifu. Mchana bolti likipata joto, mguso hurudi. Gereji nayo hufunguliwa mchana.

Wala msidhani haya ni ya nchi zetu peke yake. Februari 2014 kampuni ya General Motors ya Marekani ilianza kuyarudisha gereji magari ya Chevrolet Cobalt na mengine ya jamii yake, na yakafika takriban milioni 2.6. Swichi ya ufunguo ilikuwa laini kupita kiasi, hata uzito wa fungu la funguo au goti la dereva ungeweza kuirudisha nyuma, injini ikazimika barabarani na mifuko ya hewa isifunguke. Wateja walikuwa wamelalamika kwa miaka. Mwaka 2005 waraka wa kampuni uliwataka mawakala wawashauri wenye magari wapunguze vitu katika fungu la funguo. Baadaye swichi ilibadilishwa kimyakimya na namba ya kipuri ikaachwa ile ile, hata wachunguzi wakapotea njia. Mfuko wa fidia ulikuja kukubali vifo 124. Tulipolisoma hilo tulilikumbuka lile swali la breki.

Tukanunua daftari la kurasa 48 na kuliweka ndani ya gari. Kila lilipotokea jambo tuliandika tarehe, saa, mahali, mvua au jua, mafuta kiasi gani, gari limetembea au limelala, kilichowashwa wakati ule, na taa zilizomulika kwa mpangilio wake. Binti yetu mkubwa akapewa kazi ya kupiga video kwa simu kabla ya mtu yeyote kugusa kitu. Jirani aliyetaka kutusaidia kwa kuchomoa betri dakika kumi tulimzuia, pamoja na kuwa nia yake ilikuwa njema, kwa sababu kuchomoa betri huweza kufuta yale machache ambayo gari limeyakumbuka. Fundi wa mtaani tulimkatalia pia, ili kampuni isije ikasema kuna mkono wa mtu mwingine.

Baada ya majuma matatu daftari lilisema jambo ambalo sisi hatukuliona. Isipokuwa siku ya daraja, kila mara gari lilikuwa limesimama kuanzia jioni au usiku wa unyevu. Hata siku ya daraja mvua ilikuwa imenyesha asubuhi.

Tulirudi gereji na barua ya ukurasa mmoja, nakala mbili, tukataka nakala yetu igongwe muhuri wa kupokelewa. Hatukuandika kwamba kompyuta imeharibika, kwa kuwa hatujui. Tuliandika tulichokiona, mara ngapi, na hatari yake, tukaomba mambo mawili: gari lilale gerejini usiku mzima na lijaribiwe alfajiri kabla ya jua, na fundi mkuu ashuhudie. Muhuri una haiba yake. Yule kijana wa mapokezi alikwenda kumwita mtu ambaye hatujapata kumwona ziara zote zilizotangulia.

Fundi mkuu alikuwa mzee wa makamo, mpole. Hakuanza na mashine. Alisoma daftari lote amesimama, akasema, "Dada, mngeniletea hili mwezi wa kwanza." Alfajiri ya pili gari lilimgomea na yeye. Akapima betri, akakuta volti 12.6, nzima. Akapima baina ya ncha hasi ya betri na injini wakati ufunguo umezungushwa, mahali ambapo haifai kupotea zaidi ya sehemu mbili za kumi za volti, akakuta inapotea moja na nusu. Alifuata waya mpaka chini ya kitako cha betri. Bolti la ethi lilikuwa limelegea, limefanya kutu, na juu yake umefungwa waya mwembamba wa traka, kile kifaa cha kulitafutia gari likiibwa.

Tungependa kuandika kuwa mambo yaliishia hapo. Meneja alituambia kwamba traka si kifaa cha kiwandani, kwa hivyo waranti haihusiki, na tulipe nyaya mpya pamoja na kazi ya siku mbili. Tulirudi nyumbani tukafukua makaratasi ya ununuzi. Traka ilikuwa mstari wa nne katika ankara ya kampuni yenyewe, imefungwa kwao kabla hatujakabidhiwa gari. Ila ilikuwamo kabla ya makabidhiano, kama wasemavyo mafakihi.

Kwa wale ambao ankara yao haitawaokoa hivyo, Ibara ya 46 ya Katiba yetu inampa mnunuzi haki ya bidhaa za ubora unaostahiki, na ipo Sheria ya Kuwalinda Watumiaji Bidhaa ya mwaka 2012. Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, na sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60. Mtu anaweza kujisimamia mwenyewe bila wakili. Bei ya gari jipya hupita kiwango hicho, lakini gharama za matengenezo na teksi mara nyingi hazipiti. Na huko ushahidi ni karatasi: zile karatasi za kazi zisemazo hitilafu haikuonekana, ambazo wengi wetu huzitupa kwa hasira, ndizo zinazoonyesha kuwa ulilalamika mapema na mara ngapi.

Sisi hatukufika huko. Meneja aliitazama ankara, akaenda ndani, akarudi na chai. Waya wa ethi ulibadilishwa bila malipo, mahali pake pakakwanguliwa na kupakwa grisi, na traka ikapewa njia yake. Tuliomba wayaandike hayo yote kwa barua, pamoja na sababu ya ila. Walisitasita, wakaandika.

Sasa ni wiki ya saba na gari halijatugomea. Tukiwa kivukoni bado tunateremsha vioo, na watoto hatuwaachi walale mpaka tufike ng'ambo. Barua ya kampuni na lile daftari tumevitia katika bahasha moja na kitabu cha gari, na mama mkwe ameandika juu yake kwa mkono wake: apewe atakayelinunua.