AFYA NYUMBANI: Kuku Mzima, Kunguru Mfu

Katika nyumba nyingi za Aroi, Arua na Koboko, ziwe za askari au za raia, homa ya mtoto hupewa jina moja tu: malaria. Mama humgusa paji la uso, baba hukimbilia dawa dukani, na jambo huhesabiwa kuwa limekwisha. Mara nyingi jina hilo ni sahihi. Lakini iko homa nyingine iletwayo na mbu, nayo ilipata jina lake papa hapa, ikalieneza jina hilo duniani kote.

Mnamo mwaka 1937, wachunguzi wa homa ya manjano kutoka taasisi ya Entebbe, ambayo leo ni Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda, walichukua damu ya mwanamke mmoja mwenye homa huko Omogo, wilaya ya West Nile. Damu hiyo ilidungwa katika panya, nao wakaugua. Virusi vilivyopatikana havikuwa vya homa ya manjano. Daktari Smithburn na wenzake walichapisha habari hiyo mwaka 1940, wakaviita virusi hivyo kwa jina la wilaya: West Nile.

Kwa miaka mingi ugonjwa huo ulidhaniwa kuwa mdogo. Kisha, mwaka 1999, kunguru wa New York walianza kuanguka chini wakiwa wamekufa, na wazee wa mji huo wakalazwa kwa uvimbe wa ubongo. Virusi vilikuwa vile vile vya West Nile.

Hapo ndipo penye fumbo. Kunguru wa Marekani akiambukizwa ni nadra kupona. Shomoro hubeba virusi vingi katika damu, na mbu huvichukua kutoka kwake. Farasi huweza kupooza na kufa. Binadamu wengi, kiasi cha wanane katika kila kumi, hawaoni dalili yoyote, ilhali mmoja kati ya 150 hivi hupata maradhi makali ya ubongo au mishipa ya fahamu. Kuku mkubwa je? Yeye huendelea kudonoa. Damu yake hutengeneza kinga, lakini virusi ndani yake huwa vichache mno hata visimtoshe mbu kuvipeleka kwingine. Kwa sababu hiyo, huko Marekani kuku wamewekwa vituoni kama askari wa zamu: damu yao hupimwa mara kwa mara, na kinga ikionekana, wakuu wa afya hujua kuwa adui amekwisha kuingia.

Kwa nini adui mmoja amshinde huyu na kushindwa na yule? Jibu mojawapo lilitoka kwa panya. Mwaka 2002 wataalamu walieleza kwamba panya wengi wa maabara wana jeni moja, iitwayo Oas1b, iliyokatika. Panya wa porini wengi wanayo nzima, nayo huwakinga. Basi wale panya wa maabara hufaa kugundulia virusi vya namna hii kwa sababu ya upungufu wao wenyewe.

Siku hizi uchunguzi umeingia ndani zaidi, mpaka katika chembe hai moja moja, yaani seli. Zamani kipande cha pafu au ubongo kilisagwa chote, na jibu likawa la wastani, kama kikosi kizima kuitikia "Ndiyo!" kwa pamoja bila kujulikana nani hayupo. Sasa seli hutenganishwa, kila moja hupewa alama yake, na maagizo ya jeni yaliyomo ndani yake husomwa. Ni kama kuita majina kwenye gwaride. Huonekana ni seli ipi yenye mlango wa kuingilia virusi, ipi imekwisha kuvamiwa, na ipi imepiga king'ora cha kuamsha kinga. Mwaka 2019 watafiti wa Marekani walizisoma hivyo seli za panya zilizoambukizwa virusi vya West Nile, wakakuta kwamba hata seli zinazofanana haziupokei uvamizi kwa namna moja.

Njia hiyo ilitumika pia kwa virusi vya korona, ili kujua ni wanyama gani wa nyumbani wenye milango hiyo. Hata hivyo, mlango peke yake hautoshi. Mlango wa seli za nguruwe hukubali virusi vya korona, lakini nguruwe wengi waliojaribiwa mwaka 2020 hawakuambukizwa, ilhali paka waliambukizwa. Kusoma seli huonyesha pa kutazama. Hukumu hutolewa na mnyama mwenyewe.

Mafunzo kwa jamaa za askari ni haya. Kwanza, uzima wa kuku uani si hati ya usalama wa nyumba. Pili, mgonjwa wa West Nile asitengwe wala kuogopwa: virusi katika damu ya binadamu kwa kawaida ni vichache mno kumwambukiza mbu, na maambukizo ya mtu kwa mtu ni adimu, kama vile kwa kuongezewa damu. Tatu, ndege wengi wakifa ghafla, wasiokotwe kwa mikono mitupu, na bwana mifugo aarifiwe.

Nne, na hili ndilo kubwa: farasi wana chanjo, binadamu bado hana, wala hakuna dawa maalumu. Mbu aina ya kyuleksi, aenezaye virusi hivi, huzaa katika maji yaliyotuama, hata yaliyo machafu, kama ya mitaro, madebe na matairi, naye huuma jioni na usiku. Mitaro izibuliwe, madebe yafunikwe, chandarua kitumike kila usiku. Mtoto akipata homa, apimwe malaria kwanza. Ikiwa kipimo hakionyeshi malaria na homa haishuki, au shingo ikikakamaa, akichanganyikiwa, akipata kifafa au kiungo kikilegea, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Adui asiyejulikana jina ndiye hupita kwenye lango bila kuulizwa.