KUSEMA SI KUSEMEANA

Neno "sema" ni dogo, lakini matawi yake ni mengi. Ukimsema mtu, umemgombeza au umemsengenya. Ukimsemea, pengine umemtetea, pengine umemchongea kwa wakubwa. Na palipoandikwa "inasemekana", aliyesema amejificha.

Mambo haya yanawahusu hasa viongozi. Kule Mzumbe, Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, watumishi wamekuwa wakifunzwa utawala tangu 1953, ilipokuwa shule ya serikali za mitaa. Mwaka 1972 ikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo, na 2001 Chuo Kikuu. Lakini ofisa, awe amesomea huko au kwingine, akifika kijijini kwetu Visiwani akahutubia saa mbili peke yake, wananchi wakapiga makofi, kisha akaandika katika ripoti "wananchi wamesema", hapo hawakusema, wamesemewa.

Ahadi ya mwanachama wa CCM ni kusema kweli daima. Kweli ya kijiji haipatikani kwa hotuba, bali kwa kusemezana. Kwa hiyo, ndugu maofisa, ulizeni, nyamazeni, msikilize. Na ripoti itaje ni nani aliyesema, na amesema nini.