Jina liko wapi juu ya karatasi?

Kwenye depo, mawe yetu yanapimwa mara mbili: kilo, kiisha teneri, ni kusema shaba ao kobalti ni ngapi ndani. Kilo tunaiona na macho. Teneri inasomwa na mashine ya mununuzi, na pale ndipo magomvi yanaanza.

Watafiti nao wanapimwa vile vile. Kilo yao ni hesabu ya makala walizotoa. Teneri ni mara ngapi wenzao wamezitaja makala hizo ndani ya zao. Tangu 2005 wanatumia kipimo cha Jorge Hirsch, mutaalamu wa fizikia: ukiwa na makala 20 na kila moja imetajwa angalau mara 20, alama yako ni 20. Alama ile inaangaliwa kwa kutoa kazi, cheo na feza. Lakini mashine inasoma tu majina yaliyoandikwa. Ule alichimba na jina lake halikuandikwa, kwake ni ziro.

Tuangalie munganga wetu, Profesa Jean-Jacques Muyembe. Mwaka 1976 alitumwa Yambuku, akatosha damu ya wagonjwa mikono mitupu. Alirudi Kinshasa na mutawa mumoja mgonjwa, na damu ya yule ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Mwezi wa tatu 1977, gazeti la waganga The Lancet likatoa makala tatu juu ya virusi vipya, Ebola: moja ya Antwerp, moja ya Uingereza, moja ya Marekani. Jina la Muyembe halimo hata kwa moja. Makala ya pamoja ya kuelezea ugunduzi ule, yenye jina lake karibu na la Peter Piot, ilitoka 2016. Miaka 40! Muda wote ule wengine walikuwa wanahesabiwa.

Kiisha kukakuja Kikwit, 1995. Waganga Wakongomani walichukua damu ya wale waliopona wakaiweka kwa wagonjwa 8; 7 wakapona. Wazo lao lilikuwa hili: mwili uliopona unabakia na walinzi wenye kuijua sura ya adui, ndio wanaitwa kingamwili. Makala yao ya 1999 ilianza na jina la Mupapa na kuisha na la Muyembe. Wengi kule nje hawakuamini, juu hakukuwa kundi la kulinganisha. Na ni kweli halikuwepo. Pale hatuwezi kuwatukana.

Lakini miaka 11 nyuma ya Kikwit, damu ya muntu mumoja aliyepona ilichotwa tena, na walinzi walikuwa bado ndani. Maabara za Marekani na Uswisi zikatosha humo kingamwili mAb114. Makala ilitoka 2016 ndani ya Science. Kwa makala za namna hii, jina la kwanza ni la ule aliyefanya kazi, la mwisho ni la mukubwa wake. Mukongomani Sabue Mulangu alikuwa wa tatu. Muyembe alikuwa kati ya yale majina mengine, mule ambamo macho yanapita bila kusimama.

Kufika 2018, Ebola ilikuwa Beni na Butembo. Dawa ine zilijaribiwa kwa wagonjwa 681. Kwa wale waliopata mAb114, karibu 35 juu ya 100 walikufa. Kwa ZMapp ya Marekani, karibu 50. Makala ilitoka 2019: jina la kwanza Mulangu, la mwisho Muyembe. Safari hii mashine imesoma vizuri.

Bado kuko neno la feza. Dawa hiyo, Ebanga, ilikubaliwa Marekani mwaka 2020, na ruhusa ya kuitengeneza ilipewa kampuni ya kule, Ridgeback Biotherapeutics. Kutajwa mara mingi kunaleta heshima, hakuleti fabriki. Ndiyo maana mwaka 2019 Muyembe alisema sampuli za damu ya Ebola zitabakia hapa.

Na siye wa mugodi tuko ndani ya hesabu hii. Watu wa Kasulo, Kolwezi, walitoa damu na mikojo yao, na makala ya 2018 ikaonyesha kobalti mingi mwilini, zaidi kwa watoto. Jina la kwanza juu yake ni Célestin Banza Lubaba Nkulu, wa Lubumbashi. Kesho mutafiti mwingine akigonga mulango na chupa yake, tumuulize mambo matatu: sampuli itabakia wapi, matokeo yatarudia kwetu lini, na kati ya majina ya juu, ya hapa ni ngapi.