Maryam (a.s.) Tunampenda, Lakini Haombwi



Himda zote anastahiki Allah (s.w.). Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na sahaba zake.

Ndugu wazazi na wapenzi wanafunzi, kila ifikapo Mei na Oktoba, miezi ambayo majirani zetu Wakatoliki huzidisha kusali Rozari, madrasa zetu za Dzaleka na hapa Area 23 hupata swali lile lile: "Maalim, na sisi tunampenda Maryam. Kwa nini wao wanamuomba na sisi hatumuombi?" Swali hili ni zuri, nalo linastahiki jibu la elimu. Jibu la kejeli halifai.

Tunasema hivi kwa sababu kejeli imeenea. Vijana wetu wamesikiliza mihadhara ya kulinganisha dini, wakaichukua nusu nusu. Wanamwambia mwenzao Mkatoliki kwamba Utatu wake ni Mungu, Maria na Yesu. Mkatoliki aliyesoma katekisimu hucheka, maana Utatu anaoukiri yeye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Kijana wetu ameshindwa kabla hajaanza. Kibaya zaidi, mtoto aliyekaa pembeni akisikiliza huondoka akidhani Qur'ani ndiyo iliyokosea. Hilo ndilo linalotuuma.

Na hapa petu hakuna pa kujificha. Kambi ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa ajili ya watu wapatao 10,000, na kufikia mwaka 2023 ilikuwa na zaidi ya 50,000. Nyumba zimebanana, kisima ni kimoja, na watoto hukaa dawati moja. Shirika la Kijesuiti la kuhudumia wakimbizi, JRS, ambalo ni la Wakatoliki, limesomesha watoto wa kambi kwa miaka mingi, wetu wakiwemo. Warundi na Wakongo wamekuja na Rozari zao. Wanyarwanda wanakumbuka Kibeho, ambako wasichana wa shule walisema kuanzia mwaka 1981 kwamba wametokewa na Bikira Maria, na mwaka 2001 Kanisa likakubali. Mtoto wetu atayasikia haya tu. Ni bora ayasikie akiwa na elimu.

WENYEWE WANASEMAJE?

Uadilifu unatutaka tueleze kauli ya mwenzetu kama anavyoisema yeye. Allah (s.w.) ametukataza katika Surat al-Maidah, aya ya 8, chuki ya watu isitufanye tuache kufanya uadilifu. Wakatoliki wanasema kuabudu ni kwa Mungu peke yake, na kwamba Maria wanampa heshima iliyo juu ya watakatifu wengine, kisha wanamtaka awaombee kwa Mungu. Mtaguso wa Pili wa Vatikano uliyaeleza hayo tena mwaka 1964. Sisi hatukubaliani na mwenendo huo, lakini tusiwasingizie lile wasilolisema.

Hoja yetu yenye nguvu ni swali moja: Je, Nabii Isa (a.s.) alifundisha hivyo?

DUA HII ILIANZA WAPI?

Tazameni Injili zao nne. Hakuna mahali ambapo mtu anamuomba Maria baada ya kuondoka duniani, wala ambapo Isa (a.s.) anafundisha aombwe. Alipoulizwa na wanafunzi wake namna ya kusali, aliwaelekeza kwa Mungu. Maneno ya mwanzo ya sala ya Salamu Maria yametoka Luka sura ya 1, lakini pale ni maamkizi ya malaika na ya Elisabeti kwa mwanamke aliye hai mbele yao. Na Matendo ya Mitume 1:14 inamtaja akiwa pamoja na wanafunzi, wote wakisali. Yaani anaonekana akiwa mwenye kuomba, na wala si mwenye kuombwa.

Mengine yalikuja pole pole. Katika karne ya 2 kiliandikwa kitabu kinachonasibishwa na Yakobo, chenye habari za kuzaliwa kwa Maria na kulelewa kwake hekaluni. Kisha kuna kipande cha mafunjo kutoka Misri, chenye dua ya Kigiriki ya kumkimbilia Maria kwa kumwita Mama wa Mungu. Maktaba ya John Rylands ya Manchester ilikipata mwaka 1917 na kikachapishwa mwaka 1938. Wataalamu wanatofautiana juu ya umri wake: wapo wanaokiweka karne ya 3, na wapo wanaokileta karne za baadaye sana. Hata tukichukua tarehe ya mbali kabisa, bado ni zaidi ya miaka mia na hamsini baada ya Isa (a.s.).

Mwaka 431 maaskofu walikutana Efeso. Nestorio, askofu wa Konstantinopoli, alikuwa hapendi Maria aitwe Mama wa Mungu. Kirilo wa Aleksandria alilitetea jina hilo, na upande wake ukashinda. Baada ya hapo makanisa na sikukuu za Maria ziliongezeka. Ama sala ya Salamu Maria pamoja na ombi lake la mwisho, iliwekwa rasmi katika kitabu cha sala cha Papa Pius wa Tano mwaka 1568.

Wala si Waislamu peke yao waliotahadharisha. Kwenye miaka ya 370, Epifanio, askofu wa Salamisi huko Kipro, aliandika kukemea wanawake wa upande wa Arabuni waliokuwa wakimtolea Maria mikate kama sadaka. Alisema Maria aheshimiwe, lakini aabudiwe Mungu. Hata leo hapa Malawi, Wapresbiteri wa CCAP hawamuombi Maria.

Sasa isomeni vizuri Surat al-Maidah, aya ya 116. Allah atamuuliza Isa (a.s.) kama yeye ndiye aliyewaambia watu wamfanye yeye na mama yake kuwa waungu wawili, naye atakana. Aya haikusema kwamba Maryam ni nafsi ya tatu ya Utatu. Imezungumzia kupewa kiumbe haki ya Mola, na dua ni katika haki hiyo. Aya iko sahihi. Aliyeibeba vibaya ni kijana wetu.

FUNZO NI LETU PIA

Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba Wadd, Suwaa na wenzao, wanaotajwa katika Surat Nuh, walikuwa watu wema. Walipokufa watu waliwatengenezea sanamu za ukumbusho, na elimu ilipopotea wakaabudiwa. Bukhari amepokea kwamba Ummu Salama (r.a.) alimhadithia Mtume (s.a.w.) juu ya kanisa aliloliona Uhabeshi, likiitwa Maria, na picha zilizokuwamo. Mtume (s.a.w.) akawalaumu watu ambao mwema wao akifa hujenga mahali pa ibada juu ya kaburi lake. Alitukataza pia tusimsifu yeye kwa kupita kiasi kama alivyosifiwa mwana wa Maryam.

Hatutaki kufufua mabishano ya Twaliki na Sukuti ambayo Waislamu wa Malawi wanayajua. Lakini tuwe wakweli. Kama tunamwambia Mkatoliki kwamba aliyekufa haitwi kwa dua hata awe mwema kiasi gani, basi mama Mwislamu anayekwenda kaburini kumlilia sheikh ampe mtoto tumwambieje? Mizani ni moja. Ukiipima kwa jirani, ipime na nyumbani kwako.

Wazazi, wasomesheni watoto Surat Maryam kwa maana yake. Jina la Maryam limetajwa mara 34 katika Qur'ani, na hakuna mwanamke mwingine aliyetajwa humo kwa jina. Waislamu wa mwanzo walipokimbilia Uhabeshi, wakimbizi kama walivyo wengi wetu, Jaafar bin Abi Talib (r.a.) alisimama mbele ya mfalme Mkristo akamsomea sura hiyo. Najashi akalia, akawapa hifadhi. Jaafar hakumtukana Maryam wala hakuficha tawhidi ili apendeze. Alisema kweli kwa adabu, na kweli ikafika.

Mtoto wako akiulizwa kesho dawatini, ajibu hivi: Tunampenda Maryam, tunamsadiki, na tunamuomba yule aliyekuwa akiombwa na Maryam.

Wabillahi tawfiiq.