Presha haimkomazi mtoto wa kidato cha kwanza

Mwambie mtu mzima kwamba mtoto wa miaka 13 ana msongo wa mawazo, utaulizwa: msongo wa nini? Kodi ya nyumba halipi, unga hanunui, mkopo hadaiwi. Ukishikilia kwamba mtoto kweli hana raha, linakuja jibu la pili, na hili ndilo zito zaidi: acha apate shida, zitamkomaza. Sisi tulitembea pekupeku, tulichapwa, na tumefika. Methali nayo iko tayari mdomoni: mchelea mwana kulia hulia yeye.

Nimeisikia hoja hii kwenye vikao vya wazazi, misibani, hata kwa walimu ninaowaheshimu sana. Nadhani ni hoja mbaya, na inawaumiza watoto walio katika umri mgumu kuliko wote wa shule, yaani kuanzia darasa la sita na la saba hadi kidato cha pili. Haiondoki kwa sababu ina chembe ya ukweli ndani yake.

Itazame kwanza siku yenyewe ya mtoto huyu asiyelipa kodi. Anakaa Mbagala, Dar es Salaam, anasoma Upanga. Anaamka saa kumi alfajiri. Kituoni konda anasimama mlangoni, anatangaza wanafunzi wawili tu, na wengine wanarudishwa nyuma kwa mkono. Gari la tatu au la nne ndilo linalomchukua. Akichelewa, mwalimu wa zamu yuko getini na hataki kusikia habari za konda. Baada ya vipindi kuna masomo ya ziada, kisha foleni ya kurudi. Anaingia nyumbani magharibi. Kama ni wa kike, vyombo vya mchana vinamsubiri kabla ya daftari. Analala saa tano usiku. Hapo amepata saa tano za usingizi, na kesho ni hivyo hivyo.

Mwaka 2016 madaktari wa usingizi wa Marekani walitoa mwongozo kwamba vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10. Tena katika umri wa kubalehe saa ya mwili yenyewe husogea mbele: melatonini, homoni inayoleta usingizi, huanza kutoka usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo. Kwa hiyo hata ukimlaza saa mbili atakodoa macho, na saa kumi alfajiri bado ni usiku wa manane kwa ubongo wake. Sisi tunaliita hilo uvivu. Jimbo la California lilitunga sheria, ikaanza kazi Julai 2022, kwamba shule za kati zisianze masomo kabla ya saa mbili asubuhi na sekondari za juu kabla ya saa mbili na nusu. Sisemi tuinakili. Ninachosema ni kwamba watu wengine wamelitazama jambo hili wakaona ni la ratiba, wakaibadilisha ratiba.

Kisha kuna lugha, na hapa nitakaa kidogo, maana sijui badiliko lingine la ghafla kama hili ambalo mtu mzima angelivumilia kazini kwake. Hadi Septemba, darasa la saba, mtoto wa shule ya msingi ya serikali amesoma sayansi kwa Kiswahili. Anajua usanisinuru, anaweza kukueleza jani linavyotumia mwanga wa jua na kwa nini mmea uliofichwa kabatini hunyauka. Mkono wake ndio wa kwanza kunyooshwa. Januari anaingia kidato cha kwanza, na jani ni lile lile, jua ni lile lile, ila mwalimu anaeleza kwa Kiingereza na jibu linatakiwa kwa Kiingereza. Mkono unabaki chini. Zipo shule ambazo anayenaswa akiongea Kiswahili huvishwa kibao shingoni, akae nacho mpaka amnase mwenzake. Basi hata wakati wa mapumziko, pale ambapo angemwambia rafiki yake kwamba hakuelewa kitu, ananyamaza. Mtoto aliyekuwa wa tatu darasani anarudi nyumbani na ripoti ya nafasi ya 87, na baba anauliza umeanza lini ujinga.

Sasa asubuhi ya kipindi cha hisabati anasema, "Mama, tumbo linaniuma." Mama anamwambia aache usanii. Lakini tumbo lile ni la kweli. Walter Cannon wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwatazama paka kwa eksirei akaona kwamba paka akishtuka, tumbo husimama kufanya kazi. Mwaka 1915 alieleza vizuri kinachotokea: mwili unaoona hatari hujiandaa kupigana au kukimbia. Adrenalini inamwagika, moyo unakwenda mbio, damu inaondolewa tumboni na kupelekwa kwenye misuli ya miguu na mikono. Mwili hauchagui kama hatari ni chui au ni mwalimu mwenye fimbo anayesema njoo ubaoni. Hatari ikikaa muda mrefu, kotisoli inaendelea kutiririka, usingizi unaharibika, mafua hayaishi, kumbukumbu inakuwa nzito. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayotuliza hofu na kupanga mambo, haikomai mpaka mtu afikishe miaka ishirini na kitu. Kwa hiyo mtoto wa miaka 13 anaipata hofu nzima ya mtu mzima huku breki zake zikiwa bado zinajengwa.

Hata hivyo, wasemao presha humfanya mtu asome hawajasema uongo mtupu. Mwaka 1908 wanasaikolojia wawili wa Harvard, Robert Yerkes na John Dodson, waliwafundisha panya kuchagua kati ya kisanduku cheupe na cheusi. Aliyekosea alipigwa shoti ya umeme. Kazi ilipokuwa rahisi, yaani mwanga mwingi na tofauti ikionekana wazi, shoti kali zaidi iliwafanya wajifunze haraka zaidi. Kazi ilipokuwa ngumu, mwanga ukiwa hafifu na tofauti ndogo, shoti kali iliwachelewesha. Waliofanya vizuri ni wale waliopewa ya wastani.

Rudi na matokeo hayo darasani. Fimbo inaweza kumfanya mtoto afagie uwanja upesi, awahi namba, anyamaze mstarini. Hizo ni kazi rahisi, na ndiyo maana mwalimu mwenye fimbo anaamini macho yake kwamba fimbo inafanya kazi. Lakini mafumbo ya aljebra katika lugha ambayo mtoto ameanza kuitumia juzi ni mwanga hafifu kabisa. Hapo ukali ule ule unamfunga. Kanuni zetu za Tanzania za mwaka 2002 zinasema viboko atoe mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mzazi yeyote mwenye mtoto shuleni anajua umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na mambo yanavyokwenda.

Na ile ya "sisi tulichapwa na tumefika"? Anayeisema ni yule aliyefika. Waliochapwa wakaacha shule darasa la sita hawapo kwenye kikao hicho kupiga kura, na wala hatuwaulizi. Zamani nafasi za sekondari zilikuwa chache mno, na mchujo uliacha wengi nje. Tuliobaki tukadhani mchujo ndio uliotufundisha. Leo hali ni nyingine. Tangu mwaka 2016 ada imeondolewa hadi kidato cha nne katika shule za serikali, na tunawataka watoto wote wakae darasani. Huwezi kuwaalika wote ukaendelea kuwalea kwa mbinu ya kuwapunguza.

Ninakubali kwamba mtoto asiyewahi kukutana na ugumu wowote hakui vizuri. Lakini ugumu unaokomaza una mwanzo na mwisho, una mtu mzima karibu, na una kupumzika baada yake, kama msuli unavyojengwa na mzigo wa leo na usingizi wa usiku huu. Kusafiri peke yake kwenda kwa bibi likizo kunamkomaza. Kuamka saa kumi kwa miaka minne akisukumwa na konda kunamchakaza.

Kuna maoni mengine ya siku hizi, ya watu wenye huruma zaidi, na nayo siwezi kuyaacha yapite: kwamba dawa ni kumwita mhamasishaji akapige kelele ukumbini, au kuwafundisha watoto kufumba macho na kupumua taratibu. Kupumua taratibu si kubaya; kunapunguza mapigo ya moyo, na mtoto akiwa mlangoni mwa chumba cha mtihani kunamsaidia. Lakini Uingereza walilijaribu jambo hili kwa upana, wakawafundisha utulivu wa namna hiyo wanafunzi wa miaka 11 hadi 14, katika utafiti uliohusisha watoto zaidi ya 8,000. Matokeo yalitoka mwaka 2022: mafunzo hayo hayakuzidi chochote kile ambacho shule zilikuwa zikifanya kila siku. Wengi wa watoto hawakuyafanyia mazoezi nyumbani. Siwalaumu. Mtoto hatulizwi na somo moja la wiki ndani ya ratiba ambayo haijaguswa.

Karibu na kwetu kuna jaribio lililonipa moyo zaidi. Huko Nairobi na Kiambu, programu ya Shamiri ilitumia vijana waliotoka tu sekondari kuongoza vikundi vidogo vya wanafunzi, mikutano minne tu. Walizungumza juu ya kuamini kwamba mtu anaweza kubadilika, juu ya shukrani, na juu ya mambo anayoyathamini kila mmoja. Wanafunzi 413 waliokuwa na dalili za sonona au wasiwasi waligawanywa, wengine wakapewa mikutano hiyo, wengine mafunzo ya mbinu za kusoma. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021: kundi la kwanza lilipata nafuu zaidi. Hakukuwa na daktari wala chumba maalumu. Palikuwa na kaka au dada aliyetoka kupita njia hiyo hiyo, anayesikiliza bila kushika kalamu nyekundu.

Yapo pia mambo madogo yasiyogharimu hata shilingi. Mwaka 2011 Gerardo Ramirez na Sian Beilock wa Chuo Kikuu cha Chicago walionyesha kwamba wanafunzi waoga wa mitihani, wakipewa dakika kumi kuandika wanachokihofia kabla ya mtihani, walifanya vizuri zaidi kuliko waoga wenzao. Mwalimu wa kidato cha kwanza anaweza kulijaribu kabla ya mtihani wa muhula, na aruhusu waandike kwa Kiswahili. Anaweza kuchora ubaoni moyo, tumbo na tezi zilizo juu ya figo, akawaeleza kwa nini viganja vinatoa jasho. Mtoto akijua kwamba moyo kwenda mbio ni mwili unajiandaa, haongezi hofu ya pili juu ya ile ya kwanza.

Mwaka 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi kumi bora wa kidato cha nne. Watu walilalamika, nami niliona ni uamuzi mzuri. Shule inaweza kufuata njia hiyo kwa kuacha kubandika ukutani orodha ya nafasi ya kwanza hadi ya mwisho, na badala yake kumwita kila mtoto na mzazi wake wakaambiwa matokeo yao.

Ila jambo ambalo ningeanza nalo kesho ni la mwalimu wa unasihi. Katika shule nyingi yupo kwenye karatasi tu, akiwa na vipindi sawa na wenzake, bila hata chumba cha kumkalisha mtoto. Mara nyingine ndiye huyo huyo mwalimu wa nidhamu, hivyo mtoto anatakiwa kupeleka siri yake kwa mtu aliyemwona Jumatatu na fimbo mkononi. Hawezi, wala mimi nisingeweza. Kazi hizo mbili zitenganishwe, mwalimu huyo apunguziwe vipindi, na wanafunzi waulizwe wao wenyewe wanamwamini nani kati ya walimu wao. Katika shule nyingi nilizofika, watoto walikuwa na jina la mwalimu huyo tayari.