Neno Moja la Kiingereza Lisitupunguzie Kiswahili

Kuna usemi unaopita madarasani eti Kiswahili kina maneno machache, Kiingereza ndicho kilichokamilika. Mimi napinga, na ushahidi nautoa papa hapa Kwale.

Tuanze na chakula. Mwingereza ana "rice" tu, basi. Kwetu, unaoota mabondeni Vanga na Msambweni ni mpunga, ukishakobolewa ni mchele, ukishapikwa ni wali. Mtu akikwambia amekula mchele utamuuliza kama meno yake ni mazima. Lakini katika insha twaandika hivyo hivyo, kwa kuwa twawaza Kiingereza kwanza kisha tunatafsiri.

Haya, njooni kwenye mnazi. Kwa mtalii wa Diani tunda lake, liwe na umri gani, ni "coconut". Mkwezi akisema hivyo, biashara imekufa! Yeye ajua kidaka ndicho kichanga kabisa, kitale kimekua kidogo, dafu ni la kunywa maji, koroma limeanza kukomaa, nazi ni ya kukuna tupate tui, na ikikaushwa ni mbata ya kukamuliwa mafuta. Ukitumwa nazi ukaleta dafu, mchuzi hauna tui siku hiyo.

Wengine watasema hayo ni ya jikoni tu. Basi tazameni "uncle". Siku hizi kila mtu ni anko, hata makanga wa matatu. Kumbe ndugu wa baba ni ami, na ndugu wa mama ni mjomba. Zamani kwa Wadigo, mpwa ndiye aliyemrithi mjomba wake. Na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ami aweza kuwa walii wa kumwoza binti ikiwa baba, babu na ndugu zake hawapo, lakini mjomba hawezi. Je, mtoto ajuaye anko tu, atajuaje nani ana haki gani nyumbani kwao?

Wapo wasemao lugha hukua kwa kukopa. Ni kweli, hata meza na leso twalikopa kwa Wareno. Lakini kukopa kitu ulicho nacho tayari ndani, si hasara hiyo?

Kwa maoni yangu, tufanye mambo mawili. Kwanza, tukikwama tufungue kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili, kama Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotoka mwaka wa 1981, si ile ya Kiingereza. Pili, kila mwanachama alete maneno 5 kila muhula kutoka kwa bibi yake, mkwezi au mvuvi, tuyabandike kwenye ubao wa chama pamoja na maana zake. Kuuliza si ujinga, na wazee wenye maneno hayo bado tunao. Tusingoje mpaka waondoke. Mwacha asili ni mtumwa.