Ghala la Nyumbani

Wakati wa mavuno nyua zetu hujaa mahindi, na watoto hula ya kuchoma hata wakachoka. Basi mwezi huu nataka tuseme habari ya ghala: ni nani ashikaye ufunguo wake, na ni jambo gani litupasalo kulitenda kabla gunia la kwanza halijatoka nje.

Yako mazoea mabaya yaliyoenea katika nchi ya mahindi, tangu Mbeya hata Ruvuma. Mchuuzi hufika mahindi yangali juani, hupima kwa lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu yake, naye hulipa bei ya gunia moja. Baba wa nyumba hupokea fedha, mkewe akiwa mtoni. Jioni mke huuliza, “Baba watoto, umebakiza mangapi?” Naye hujibu, “Mungu atatupa.” Naam, Mungu hutoa, naye amekwisha kutoa, kwa mikono ya mama yule yule aliyepalilia mara mbili na mtoto mgongoni. Ikifika Februari nyumba ile hununua mahindi debe kwa debe, kwa bei iliyopanda. Ama mama huenda kulima kibarua katika shamba la mtu apate unga wa siku moja, na shamba lake mwenyewe hubaki katika magugu. Hivyo njaa ya mwaka huu huzaa njaa ya mwaka ujao.

Wako ndugu wasemao kwamba kuweka akiba ni upungufu wa imani, nao hututajia yule tajiri wa Injili aliyetaka kuvunja ghala zake ajenge kubwa zaidi. Someni tena habari ile katika Luka, mlango wa 12. Katika maneno yake yote tajiri yule hasemi na mke, wala mtoto, wala jirani. Asema na nafsi yake tu. Kosa lake halikuwa katika kuta za ghala. Yusufu naye aliweka ghala katika Misri, akatenga sehemu ya tano ya mazao ya miaka saba, wala hapana amwitaye mtu asiye na imani. Ghala lake lilikuwa na mlango uliofunguliwa kwa ajili ya wenye njaa. (Najua aliwauzia, hakuwapa bure, neno hilo nawaachia walimu walijibu darasani.)

Sasa hesabu. Walimu, ifanyeni na watoto ubaoni. Nyumba ya watu sita ikila debe moja la mahindi kwa juma, kwa mwaka ni madebe 52. Tukikadiri madebe sita kwa gunia, ni karibu magunia tisa. Ongezeni la kumi kwa ajili ya wageni, msiba, sadaka ya mavuno, na mjane wa jirani ambaye hana budi kuja. Yazidiyo hapo ndiyo ya kuuza, tena kwa mizani.

Mtaniambia, “Na sare za shule? Na madaftari? Na mtoto akiugua?” Ni kweli, haja hizo hazingoji, na nyumba nyingi hazivuni hata magunia hayo kumi. Siwezi kumlaumu mtu auzaye gunia ili mtoto wake apate dawa. Lakini na ajue auzacho: kila gunia ni majuma sita ya chakula. Mume na mke wakae pamoja, wayahesabu majuma hayo, ndipo wakubaliane. Mwanamume auzaye majuma sita ya chakula cha watoto bila kumwambia mama yao, hata akiwa mzee wa kanisa, mimi simwiti kichwa cha nyumba.

Wahenga husema akiba haiozi. Mahindi mabichi, hata hivyo, huoza, tena huua. Mwaka 2004, mashariki ya Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumukuvu na 125 kati yao walikufa, kwa kula mahindi yaliyowekwa yakiwa na unyevu. Kupika hakuiondoi sumu hiyo. Basi anikeni juu ya turubai au mkeka, si juu ya udongo mtupu, kisha pimeni hivi: tieni mahindi katika chupa kavu mpaka theluthi yake, ongezeni chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, fungeni, tikiseni kwa dakika moja, mwiache robo saa. Chumvi ikishikamana na kioo, rudisheni mahindi juani. Punje zilizoota kuvu zitupwe. Wala asipewe kuku, wala zisitengenezewe pombe.

Yuko na dumuzi, ambaye wengine humwita skania. Asili yake ni Amerika ya Kati, na katika Afrika alionekana kwanza Tabora, mwishoni mwa miaka ya 1970. Hupenda mahindi yaliyo katika magunzi, hata miti ya kihenge huitoboa. Kwa hiyo pukuchueni mapema, mfagie ghala, wala msichanganye mahindi mapya na ya zamani.

Ufunguo na akae kwa mama, na kila mwisho wa mwezi wote wawili waingie ghalani wahesabu pamoja, mtoto mkubwa akiandika. Habari ya maharage, ambayo adui zake ni wengine, tutaisema mwezi ujao.